Mtumishi wa Mungu Aliyeikalia Mikono Yake

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1921, Jumatano ya Majivu, katika chumba kimoja cha nyumba ya mabati nyuma ya stesheni ya treni. Mama yake alikuwa dobi, na baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la magunia. Yeye alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Waliomjua utotoni wanashuhudia kwamba dalili za tabia yake zilionekana mapema. Alipokuwa akijifunza kutembea alikataa kushikwa mkono, akaanguka mara nyingi hata shangazi yake akawa anamviringishia kitambaa kichwani kabla ya kumweka chini. Alibatizwa akiwa na miaka minne, kwa kuwa mapadre walikuwa adimu, na siku hiyo alimpokonya padre kikombe cha maji akajimwagia mwenyewe. Padre alilazimika kuanza upya, maana Kanisa halijui ubatizo wa kujihudumia. Tangu hapo, kila alipoona mtu ameshika kazi, alikuwa akisema, "Niachieni mimi," na jina likamganda: Niachieni.

Alijifunza ufundi wa kufuli na funguo, akafungua kibanda kati ya kinyozi na fundi baiskeli. Alimwoa mkunga, mwanamke mrefu mwenye maneno machache na mikono yenye nguvu, ambaye Mungu alimweka karibu naye kwa makusudi kamili, kama tutakavyoona.

Wito wake ulimjia Jumapili ya Matawi, mwaka 1948. Kanisa la mtaa wao lilikuwa ghala kuukuu la reli, na asubuhi hiyo ufunguo wa mlango ulikuwa umepotea. Waumini mia mbili walisimama juani na matawi yao mikononi. Padre mzee, aliyehudumia vigango tisa, makanisa madogo ya parokia yake, kwa baiskeli moja, alianza kusali hapo hapo nje. Niachieni akachomoa waya mfukoni, akaupinda kwa koleo, na kabla padre hajafika "Amina," mlango ulikuwa wazi. Padre alimtazama yeye, kisha waya. "Mwanangu," akasema, "hapa namhitaji katekista, mtu wa kuwafungulia watu mlango. Utakubali?" Fundi akajibu, "Niachieni mimi, Padre." Kwa bahati mbaya, aliachiwa.

Kuanzia siku hiyo aliitwa Mwalimu, kama waitwavyo makatekista. Jambo la kwanza alilofanya ni kutia kufuli kila kitu. Alitengeneza kufuli la mlango mkubwa, la sakristia yanamotunzwa mavazi ya ibada, la kabati la vitabu, la sanduku la ngoma, la mnyororo wa kengele, hata la kabati la mafagio. Funguo zilikuwa kumi na saba, zote katika pete moja kiunoni mwake, na zililia alipotembea, hivyo hakuna aliyewahi kushtukizwa naye. Jumapili alipiga kengele, akakimbia kufungua mlango, kisha akarudi kuimalizia kengele. Alisoma masomo yote. Katika kwaya aliimba sauti ya nne, ile nzito, na pale alipoona sauti ya kwanza inalegea, akapanda huko pia. Wakati wa kimya cha tafakari alisikika akifagia. Muumini akisogeza benchi, yeye alikuja nyuma yake akalisogeza tena kwa upana wa kidole. Aliwahi kuhubiri dakika hamsini juu ya methali isemayo kidole kimoja hakivunji chawa, na baada ya hapo akapanga mabenchi yote peke yake.

Tusimhukumu haraka. Hakutafuta sifa. Alimpenda Mungu sana, na aliogopa kwamba kitu cha Mungu kingeharibika mikononi mwa mtu mwingine. Lakini miaka ilipita na watu wakapungua. Wale mia mbili wa mwaka wa kwanza wakawa mia na ishirini, kisha sabini, na katika mwaka wa kumi na moja walibaki thelathini na wanne, wengi wao wakiwa wazee wasioweza kwenda mbali. Mwalimu aliona ni uvivu wa kiroho. Alihubiri juu ya uvivu mara tatu, na kila mara alihesabu watu wachache zaidi. Jioni moja alirudi nyumbani amechoka, akaiweka miguu yake katika beseni la maji moto, akalalamika kwamba watu wa siku hizi hawajitoi. Mkewe alikuwa akichemsha vifaa vyake vya kazi. Akasema bila kugeuka: "Baba watoto, mimi nimezalisha wanawake mia tisa. Hata mmoja sijamzalia." Mwalimu alidhani anazungumzia kazi yake, akamwambia apumzike.

Mwanzoni mwa mwaka 1959 ilifika barua kutoka kwa Askofu. Kigango chochote chenye waumini chini ya mia kingefungwa na watu wake wangepelekwa kigango cha ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Askofu mwenyewe angekuja tarehe 14 Juni kutoa Kipaimara na kujionea. Mwalimu hakumwonyesha mtu barua hiyo isipokuwa mkewe. Aliifungia kabatini nyumbani, akafanya kazi mara mbili.

Jumamosi ya tarehe 23 Mei alipanda paani kuziba bati lililovuja. Chini alikuwapo muuza mkaa, mtu mkubwa na mpole aliyekaa benchi la nyuma kila Jumapili kwa kuogopa kuwachafua wenzake. "Mwalimu," aliita, "ngoja nikushikie ngazi." Kutoka juu likaja jibu ambalo mtaa mzima ulilijua kwa moyo. Muuza mkaa akaondoka. Wakati wa kushuka, ngazi iliteleza. Mwalimu alivunjika mguu na taya, na daktari wa hospitali akalifunga taya lile kwa waya na bandeji, akamwamuru asiseme neno wiki sita. Akapewa ubao na chaki. Siku ile ile, kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umechubuka, aliandika maagizo arobaini na moja kwa ajili ya kanisa. La kwanza lilikuwa: *Msiguse kitu.*

Baada ya wiki moja waumini wawili walikuja kumtazama hospitalini: yule muuza mkaa, na mshona nguo mmoja mjane ambaye sauti yake ilisikika kupita cherehani nne zikishona kwa pamoja.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole sana," alisema mshona nguo, akavuta kiti. "Mama Mkunga ametuonyesha ile barua. Tumekuja kuchukua funguo. Jumapili tumesali nje kama watu waliofukuzwa."

Mwalimu aliandika: *Hapana.* Akafuta, akaandika: *Nitapona.*

"Utapona, inshallah na amina zote. Lakini Baba Askofu hasubiri taya la mtu."

Mwalimu alifikiri sana. Hatimaye akachomoa ufunguo mmoja katika pete, akamkabidhi mshona nguo kwa uzito wa mtu anayetoa urithi. Mwanamke yule aliugeuzageuza. "Huu si wa kabati la mafagio? Tumpokee Askofu humo?"

Hapo ndipo muuza mkaa, aliyekuwa akitazama sakafu, aliposema. "Mwalimu, siku ile nilitaka kushika ngazi. Ukasema nikuachie, nikakuachia." Akaendelea: "Miaka kumi na mmoja nakuja. Kila Jumapili nanawa mara tatu, nafikiri labda leo nitaombwa kitu. Ile ngazi ningeishika vizuri. Mimi nina mikono mizito."

Mwalimu aligeuka kutazama ukuta. Mkunga, aliyekuwa amesimama mlangoni, anashuhudia kwamba alilia na taya limefungwa, jambo ambalo daktari alikuwa amelikataza. Alikumbuka, kama alivyosimulia baadaye, nyuso zote zilizowahi kumjia zikiomba kusaidia, na jinsi alivyozishukuru zote na kuzirudisha benchini. Alipogeuka aliandika neno moja: *Shikeni.* Akaitoa pete nzima. Vidole vinne viliiachia vyenyewe. Cha tano mkewe alisaidia kukifungua.

Siku kumi na tano zilizobaki, mtaa ule haukulala kwa shughuli. Mshona nguo aliwagawia watu kazi kama anavyogawa vitambaa: hiki kipande chako, hiki chako, na kila kipande lazima kiungane na mwenzake. Kinyozi alipewa kengele pamoja na wadogo zake wawili. Wanawake wa sokoni walipewa mapambo. Muuza mkaa alipewa somo la kwanza, na kwa kuwa hakusoma haraka, alilifanyia mazoezi mbele ya wateja wake mpaka wengine wakawa wanalijua. Hakuna aliyehubiri nyumba kwa nyumba. Lakini kila mwenye kazi alimwambia ndugu yake, na kila ndugu akataka kuja kuona.

Tarehe 14 Juni Mwalimu aliletwa kanisani juu ya kiti, amebebwa na wanaume wanne, akawekwa pembeni. Askofu aliingia, na mateso yakaanza. Kengele ilichelewa dakika kumi na moja, kisha wapigaji wakaifurahia mno wakakataa kuiacha. Kwaya ilianza nyimbo mbili tofauti kwa pamoja, zikakutana kwenye kiitikio. Muuza mkaa alipanda mimbarini, akafungua ukurasa usio wake, akaangukia orodha ndefu ya ukoo. Hakuruka hata jina moja. Alilitamka kila jina taratibu kama anayempokea mgeni mlangoni, na shangazi zake, waliojaza mabenchi mawili, wakaitikia "Amina" kwa kila babu. Mara nne Mwalimu alijaribu kuinuka. Mara nne mkewe alimgusa bega. Pazia la nyuma ya altare lilipoanza kuteleza upande mmoja, na mikono yake ikaruka yenyewe, aliishika mikono hiyo, akaiweka chini ya mapaja yake, akaikalia. Akakaa hivyo hadi baraka ya mwisho, jasho likimtiririka. Wazee wetu wanasema hakuna sala ngumu kuliko hiyo iliyowahi kusaliwa katika kanisa hilo.

Watu walikuwa mia mbili thelathini na mmoja. Askofu alisimama mbele yao, na wote wakamkazia macho, kwa kuwa barua ile sasa ilijulikana. "Mwaka juzi nilikuja hapa," alisema. "Ibada haikuwa na kosa hata moja, na watu walisinzia. Leo nimehesabu makosa kumi na tisa, na hakuna aliyesinzia, hata mimi. Kigango hiki kitabaki." Inasemekana mshona nguo alipiga kigelegele ambacho kiliirudisha nyuma treni, ingawa stesheni hawakuandika tukio hilo.

Miaka thelathini iliyofuata ndiyo matunda ya siku ile. Mwalimu alipopona aliyeyusha makufuli kumi na mawili. Aliunda baraza la watu kumi na wawili, na yeye katika vikao alikaa mwisho wa benchi, akauliza zaidi kuliko alivyojibu. Haikuwa rahisi. Ugomvi ulitokea, hasa kati ya mshona nguo na muuza mkaa, walioshindana miezi minane juu ya rangi ya mapazia. Mshona nguo alitaka nyeupe, muuza mkaa, kwa sababu zinazoeleweka, alitaka nyeusi. Mwalimu hakuamua. Aliwapa kazi ya kuyafua mapazia ya zamani pamoja, kila Jumamosi. Jumamosi ya sita walichagua buluu, na mwaka uliofuata wakafunga ndoa. Kutokana na kigango kile vilizaliwa vingine vitatu, kila kimoja kikiongozwa na watu ambao hapo mwanzo waliwahi kukabidhiwa kitu kidogo: kengele, kitabu cha nyimbo, fagio. Alipowaona wakikosea, Mwalimu aliikalia mikono yake. Ndivyo anavyochorwa hadi leo katika picha iliyo ukutani, na wageni hudhani alikuwa akisikia baridi.

Alifariki kwa amani tarehe 3 Oktoba 1989. Waliokizunguka kitanda chake walianza kubishana wimbo upi uimbwe, na mkewe akainama kumuuliza ana agizo gani. "Sina," akasema. "Endeleeni." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Hakuacha maagizo yoyote ya mazishi, kwa hiyo kila kundi lilijigawia kazi, na vigango viwili, kila kimoja bila kujua habari za mwenzake, vikachimba makaburi mawili. Padre kijana alitaka kukasirika. Mkunga alilitazama kaburi la pili, akalipima kwa macho. "Hili ni langu," akasema, "ila sina haraka." Alilitumia baada ya miaka kumi na mmoja.

Kanisa bado linachunguza maisha yake, nasi hatutangulii uamuzi wake. Tunasimulia tu yanayoshuhudiwa. Mwaka 1992, siku ya kumbukumbu yake, kikao cha wazee na kwaya kilianza saa nne kamili na kumalizika saa nne na dakika arobaini, kwa makubaliano. Kitabu cha kumbukumbu kipo, na mashahidi tisa wametia sahihi. Baba mmoja aliyeishi kwa kuikosoa kwaya akiwa barazani kwake aliota Mwalimu akimpa kitabu cha nyimbo; sasa anaimba sauti ya tatu, na wanaoketi karibu naye wanaomba muujiza wa pili.

Anayetaka kumwiga mtumishi huyu asianze na mambo makubwa. Jumapili ijayo amtafute yule anayekaa nyuma kabisa, anayewahi kuja na kuwahi kuondoka kwa sababu hakuna anayemngoja. Amwombe asome. Akipotea ukurasa, asimnyooshee kidole. Amwache asome hadi jina la mwisho, kisha aseme "Amina" kwa sauti inayofika mbele.