Wimbo wa Vifo Ulioharakishwa

Redio yetu ya Garsen ilikuwa na wimbo mmoja wa okestra uliotangulia matangazo ya vifo. Hatukujua ni wa nani. Ulirekodiwa mbali, zamani sana, na katikati yake alisikika mtu akikohoa. Sisi tuliuita wimbo wa vifo, basi. Fidla kubwa zilianza chini kabisa, zikatembea taratibu, kisha zile ndogo zikaingia kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa.

Baba yangu, aliyefundisha kwaya ya kanisa Golbanti hadi uzeeni, aliupima kwa saa ya mkono. Mapigo hamsini kwa dakika. Akaugonga uma wake wa sauti kwenye goti, akasikiliza, akatuambia ufunguo ni D maina, ule wa huzuni, wimbo unaanzia noti ya la na kurudi la, na kwamba waliopiga hawakuwa na haraka ya kwenda popote. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote.

Huku kwenye delta redio nyingi ni za betri, na betri haichezewi. Tangazo la biashara likianza, mtu anazima. Akikisia limekwisha, anawasha. Hata watoto wanajua. Lakini zile fidla zikianza, hakuna aliyegusa kitufe. Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga walinyooka, majembe yakakaa, wakasubiri jina. Hawakuhitaji kuambiwa kitu. Mwendo wenyewe uliwaambia.

Kisha akaja meneja mpya. Akaona wimbo unakula dakika moja na nusu. Angeukata ningemwelewa, maana kila kitu siku hizi kinakatwa. Yeye aliuharakisha kwa kompyuta, ukaisha kwa sekunde hamsini, akapata nafasi ya kuchomeka tangazo moja zaidi la sabuni. Mapigo hamsini yakawa tisini. Ufunguo nao ukapanda karibu oktavo nzima, na fidla kubwa zikalia nyembamba kama filimbi za watoto. Ile huzuni ikawa inarukaruka. Nakiri kwamba naandika haya bado nina hasira, na miaka imepita.

Wiki hiyohiyo baba akafariki.

Alikuwa na dada mmoja tu, shangazi yangu, aliyeolewa Kau. Katika ukoo wetu dada ndiye anayeufunika uso wa kaka yake kabla jeneza halijafungwa. Simu ya shangazi ilikuwa imezama mtoni mwezi uliotangulia, na mvua zilikuwa zimeikata njia. Hatukuhangaika sana. Redio alikuwa nayo, na wimbo ule haukuwahi kumpita.

Jumatatu saa saba mchana tulikaa uani Golbanti kusikiliza. Nilipousikia ukitoka vile, nilidhani redio yetu imeharibika. Halafu likasomwa jina la baba, kwa sauti ya kawaida. Nilimpigia meneja simu palepale.

"Dada, pole kwa msiba," alisema. "Lakini wimbo ni uleule. Hatujatoa hata noti moja."

"Umebadilisha mwendo. Umebadilisha ufunguo. Watu watadhani ni biashara, watazima."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Huku nani anajua ufunguo?"

Baba yangu alikuwa amelala mochari, yeye aliyewafundisha wavuvi na wakulima kuimba sauti nne bila kinanda, na mtu huyu ananiuliza huku nani anajua. Nilimwomba aurudishe ulivyokuwa. Akasema ataangalia. Tangazo lilisomwa hadi Ijumaa, kila siku kwa mbio zilezile.

Jumamosi tulimngoja shangazi. Jeneza liliachwa wazi, mchungaji akaangalia mawingu mara ya tatu, wazee wakanong'onezana. Saa kumi wakaniita mimi. Niliufunika uso wa baba kwa mkono ambao haukustahili, na wazee wawili wakasema kwa sauti ya kusikika kwamba yule mwanamke wa Kau amemtupa kaka yake.

Alifika Jumanne, miguu imejaa matope, na kapu la kambare waliokaushwa, samaki ambao baba aliwapenda. Alituletea habari za mafuriko. Akauliza, "Kaka yuko ndani au ametoka?"

Tulipomweleza, alikaa chini palepale mlangoni. Akasema, "Niliisikia hiyo redio. Kila mchana. Nikadhani ni wale watu wa sabuni, nikazima." Majirani zake nao walizima.

Kesho yake nilimchukua mpaka Garsen. Nilitaka meneja amwone kwa macho. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na yalikuwa makali, mengine siwezi kuyaandika hapa. Tulimkuta ofisini. Nikamwambia, huyu ndiye dada wa marehemu, uliza sasa huku nani anajua ufunguo.

Meneja akasimama, akaangalia meza. Kabla hajafungua kinywa, shangazi alikuwa amejifunga leso vizuri na kumwinamia, vile anavyowainamia wakubwa wa serikali.

"Unisamehe, mwanangu," alimwambia. "Mlinitangazia siku tano nzima. Mimi ndiye niliyezima."

Nikamtazama yule mtu. Nilikuwa bado namngojea aseme, hapana mama, kosa ni letu. Nilimpa muda wa kutosha.

"Usijali, mama," akasema. "Yameshapita."