Nyumba ya Karibu na Stesheni

Nilipokuwa mtoto nilijenga mji, na kwa siku tatu niliamini kwamba mji huo ungemuua ndugu yangu.

Niliujenga juu ya mwamba bapa nyuma ya nyumba yetu, milimani juu ya Wundanyi, mahali ambapo nyanya alianika maharagwe. Asubuhi, ukisimama pale, uliona nyika yote ya chini imefunikwa na ukungu, na mlima wa Kasigau umetokeza peke yake kwa mbali. Nyanya, mama yake baba, alisema ule si ukungu. Ulikuwa moshi wa meko ya mji tusiouona, ambao watu wake huamka mapema kuliko sisi. "Ndiyo maana jua likipanda unatoweka," alisema. "Wamekwisha kupika."

Watu wazima walimcheka. Mimi nilitaka kujua mitaa ya mji huo, na kwa kuwa nyanya hakuijua, niliitunga mwenyewe pamoja na Mghoi, binti ya shangazi yangu.

Mji niliowahi kuuona ulikuwa Voi tu, tena mara moja, Mama aliponipeleka kumsalimu Baba aliyekuwa akichochea moto kwenye garimoshi. Kwa hiyo mji wetu ulianzia stesheni. Gamba la konokono juu ya vijiti vinne lilikuwa tangi la maji. Stesheni hiyo ilikuwa ya kufikia tu. Nilikuwa nimezoea kumwona Baba akifika nyumbani. Kuondoka aliondoka alfajiri, sisi tumelala. Baada ya stesheni ulikuja Mtaa wa Meko, ambako moshi ulitengenezwa, na Soko la Kimya, ambako watu walinunua kwa macho bila kusema neno. Soko hilo lilikuwa wazo langu, maana nilikuwa mtoto wa haya, na kutumwa dukani kulikuwa mateso. Mghoi alileta Mtaa wa Waliochelewa, na Daraja la Nyuzi lililosukwa kwa mkonge. Mwisho kabisa kulikuwa na Lango, mawe mawili tu, na sheria yake niliitunga mimi: anayetoka aache mtu mahali pake.

"Jengeni," nyanya alituambia huku akigeuza maharagwe. "Lakini msimpe mtu aliye hai nyumba humo. Mji ule una nyumba nyingi kuliko watu. Ukishamwekea mtu nyumba, watamngoja."

Tulisema ndiyo, kama watoto wanavyosema ndiyo.

Siku moja nilizuiwa kwenda shule ili nimlee ndugu yangu Mwakio, aliyekuwa na umri wa miaka miwili, Mama apate kupalilia. Mwakio alikalia soko, akamchukua chifu wa mji, kokoto dogo la mviringo, akamtia mdomoni. Nilimtoa chifu kwa kidole, amelowa mate. Kisha kwa hasira niliokota kokoto jeupe nikaliweka katika nyumba iliyokuwa karibu na stesheni.

"Hili ni Mwakio," nikasema. "Utakaa hapa. Garimoshi likikupigia kelele usiku kucha, utajua."

Mghoi, aliyekuwa amekuja baada ya shule, aliacha alichokuwa akifanya. "Umemtaja jina?"

"Nimemtaja."

"Haya basi," akasema, akajifuta mikono kwenye gauni kana kwamba yeye hakuwapo.

Kulipopambazuka Mwakio alikuwa anapumua kama mtu anayevuta gunia. Mbavu zake zilionekana zikiingia na kutoka. Mama alimfunga mgongoni akashuka naye kwenda zahanati, bila kunywa hata chai.

Sikutulia. Niliteka maji, nikayamwaga, nikateka tena. Niliketi, nikainuka. Niliogopa kumwambia nyanya, na niliogopa zaidi kwamba angejua bila kuambiwa. Siku ya pili Mama hakurudi. Siku ya tatu jirani aliyepita zahanati alisema mtoto bado hajafungua macho vizuri, nami nikamfuata Mghoi kwao.

"Tuubomoe," akasema.

"Naye yumo ndani?"

Mghoi hakuwa amefikiria hilo. "Basi apande garimoshi atoke."

"Garimoshi la kule halitoki."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Alinitazama kwa kuchukizwa kweli. "Wewe na sheria zako."

Ilibidi tumpitishe kwa miguu. Nilishika kokoto jeupe kwa vidole viwili, nikalitoa polepole katika nyumba. Kwenye Mtaa wa Meko tulibana pumzi. Kwenye Soko la Kimya hatukusema neno, ingawa Mghoi alipatwa na kikohozi akakimeza mpaka machozi yakamtoka. Kwenye Mtaa wa Waliochelewa tulikwenda kinyumenyume, ili wenyeji wadhani tunaingia. Daraja la Nyuzi lilikuwa linacheza kwa upepo. Kokoto liliyumba, likaegemea ukingo, nami nikahisi kifua changu ndicho kinachoegemea. Halikuanguka.

Tukafika Langoni.

"Nani anabaki?" Mghoi akanong'ona.

Niliyatazama yale mawe mawili.

"Weka kuku."

"Kuku si mtu."

"Weka mwalimu wetu."

Nilitamani, nakiri. Lakini niliokota kokoto lingine, jeusi lenye mstari, nikasema, "Hili ni Wakesho," jina langu, nikalipeleka mwenyewe hadi nyumba ile ya karibu na stesheni. Kisha nikamtoa Mwakio Langoni. Mghoi akaanza kulia.

Nyanya alikuwa nyuma yetu na ungo wa maharagwe. Sijui alisimama pale tangu lini. Aliuweka chini.

"Jeusi ni la nani?"

"Ni langu, nyanya."

Hakunigombeza. Aliketi mwambani kwa taabu, mguu mmoja kwanza, akautazama mji wote kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga.

"Hapa karibu na stesheni hapamfai mtoto," akasema. "Kelele. Hapa panataka mtu mzima asiyesikia vizuri."

Akafungua pembe ya leso yake, akatoa kijiwe alichosagia ugoro, cheusi, kimelainika kwa miaka. Akakiweka ndani ya nyumba. Kokoto langu akanirudishia mkononi.

"Mimi sijapanda garimoshi hata siku moja," akasema. "Nitaliangalia dirishani."

Kesho yake adhuhuri Mama alipanda mlima, Mwakio mgongoni akitafuna mkate. Siku hizi ni kijana mrefu, na mzaha wake haumwachi mtu.

Nyanya alifariki kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata. Alikuwa mzee, na kifua chake kilikuwa kibaya tangu zamani. Naandika hivyo kwanza kwa sababu ndivyo ilivyo. Wanawake waliofagia chumba chake waliuliza kijiwe cha ugoro kiko wapi, nami nikainama nikaendelea kuosha vikombe. Baadaye nilikwenda mwambani. Mvua ilikuwa imezoa tangi, daraja, soko, vyote. Kijiwe kilikuwa pale pale. Sikukigusa.

Sasa nimeolewa Voi, tunakaa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na garimoshi likipita vikombe hugongana kabatini. Kila linapopiga king'ora huacha ninachofanya na kwenda dirishani, na sipendi kuulizwa kwa nini. Nimewaza sana juu ya siku ile. Nyanya angeweza kuniambia kwamba yale ni mawe tu. Nisingemwamini, na ningebaki katika nyumba ile mpaka leo. Yeye aliingia katika mji wangu, akashika sheria niliyoitunga mimi, ili nami nitoke. Kama alijua anachofanya, sijui. Naona alijua.

Juzi binti yangu alipanga vijiwe kwenye kizingiti. Alimaliza chumba kimoja, akaanza kingine, kisha akaniuliza, "Mama, hii ni nyumba ya nani?"

Mguu wangu ulikuwa umekwisha kuinuka kuvisambaza. Niliushusha. Nikamwuliza kama nyumba hiyo ina dirisha la kutazama reli.

Akainama, akachungulia. "Liko."

"Basi ina mwenyewe," nikamwambia. "Jenga nyingine."