Mjane Asiyelala

Tangu mumewe afariki, Efrazia alikuwa halali. Akiufuata usingizi, unamkimbia. Aliacha chai ya jioni, akalima mpaka mgongo ukalia, akaombewa kanisani. Wapi! Mwishowe nesi wa zahanati akampa shauri: "Mama, usipambane na kitanda. Usingizi ukigoma, amka ukae pembeni, fanya kazi nyepesi. Ukisinzia ndipo urudi."

Shauri zuri, ila nesi alikuwa mgeni huku milimani. Hakujua kwamba mjane hawashi taa usiku wa manane akabaki na jina lake. Efrazia akawa anawasha kitaa chake cha sola, anakaa mlangoni akipukuchua maharage, na kweli akaanza kupata lepe la alfajiri. Alifurahi, maskini.

Jirani yake Zabron, mjumbe wa kamati ya mazingira, mtu wa koti na maneno mengi, akaiona ile taa. Hakuuliza. Kulipokucha tu, kijiji kizima kinajua kwamba Efrazia, yule Mama Alen wao, anawanga. Lisemwalo lipo, wakasema. Wanawake waliozoea kumwitia "Onga mshi!" toka njiani wakawa wanapita bila salamu. Kwenye soko la Soni kabichi zake zikanyauka huku za wenzake zikigombewa. Mama mmoja alimfunika mtoto uso kwa kanga asije akatazamwa naye, na hilo ndilo lililomchoma. Akazima taa, akawa analala macho wazi gizani, akimtafuna Zabron kimoyomoyo mpaka majogoo.

Zabron hakutosheka. Akakusanya sahihi za wanaume, akaomba mkutano wa kitongoji, na neno lilikuwa moja: Mama Alen ahame. Shamba lake liko pale, kaburi la mumewe liko pale, angekwenda wapi?

Watu wakajaa. Mwenyekiti Selemani akauliza, "Mama Alen, wanasema usiku hulali. Ni kweli?"

Walitazamia alie. Efrazia akasimama, akakaza kanga kiunoni.

"Shikamooni wazee wangu. Ni kweli, silali. Nesi aliniambia nisipambane na kitanda, nikawa nakaa mlangoni. Sasa mtu akikaa mlangoni, si anaona wanaopita?"

Akamnyooshea jirani yake kidole.

"Mwulizeni Zabron aliionaje taa yangu saa ambayo watu wema wamelala. Alikuwa anapita na wenzake, mbao za mkulo, mti uliokatazwa kukatwa, mabegani, wanatoka kwenye msitu uleule anaotulindia. Tukatazamana. Nikanyamaza, nikasema huyu ni jirani yangu. Kumbe mwenzangu alishaamua kunichafua mimi kwanza, nisije nikasadikiwa!"

Zabron akacheka, akacheka peke yake. "Wazee, mtamsikiliza mchawi?"

"Niliwasikia mkizishusha nyuma ya zizi lako. Twendeni tukaangalie."

Wakaenda. Zilikuwepo, zimefunikwa mabua ya mahindi. Bwana misitu alipigiwa simu, na kabla jua halijazama Zabron akateremshwa mlimani na koti lake. Efrazia alijisogeza ukingoni mwa njia ili ampite karibu, akamkodolea macho. Kama unamwonea huruma, shauri yako; Efrazia hakumwonea hata chembe.

Kisha akawageukia waliobaki. "Na nyie wengine nawajua. Nitasema siku nikipenda."

Toka siku hiyo kabichi zake zinaisha kabla ya za wenzake. Wanaume waliotia sahihi ya kumfukuza wanatangulia kumsalimu. Jioni moja mmoja wao alikuja na kuku kwapani, akainama. "Mama Alen, lile jambo... tusameheane."

Efrazia hakumwuliza jambo lipi. Alipokea kuku, akasema, "Nitafikiri."

Na hapa nikwambie, lakini usimpelekee mtu: hajui lolote. Ukungu wa kule ukishuka, ukiwa pale mlangoni huoni kupita mgomba wa kwanza. Zabron, Efrazia alimwona kwa sababu jamaa alikaribia kumkanyaga, basi. Ya wengine hayajui, na wala hana haja ya kuyajua. Usingizi wake? Bado unachelewa, wakati mwingine hauji kabisa. Lakini hajali tena, maana sasa kitongoji kizima kinagaagaa vitandani pamoja naye.