Uyoga wa Nguzo za Ua

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi, jirani yangu wa Kitengela alibisha mlango akiwa amebeba uyoga katika karatasi ya unga.

"Mzee wa uyoga, niko na kazi yako."

Mumewe alikuwa na kisukari na alikuwa amechoka na vidonge. Kanisani mtu alimwambia kuna uyoga mgumu, unaoota kama kibao ubavuni mwa mti, unaotibu. Kama huu ndio wenyewe, mumewe angeacha vidonge Jumatatu.

Miaka ya tisini nilinunua kitabu cha mitumba kuhusu uyoga, na tangu hapo hukagua kila uyoga kwa utaratibu uleule. Huu wake juu ulikuwa mwekundu, unang'aa. Chini haukuwa na mikunjo bali vitundu vidogo vyeupe; nilipokwaruza kwa ukucha, pakageuka kahawia. Niliuweka juu ya karatasi nyeupe na kuufunika kwa bakuli ili udondoshe vumbi lake la uzazi.

"Sasa huo ni uyoga ama ni kuku anaatamia?"

"Rudi kesho, mama."

Jumapili vumbi lilikuwa la kahawia. Kila alama ililingana na kitabu. Aliporudi nilikuwa tayari kumwambia ndio wenyewe, nikauliza tu, ili niandike daftarini, aliukata kwenye mti gani.

"Si mti. Ni zile nguzo za boma la jirani yetu Mmaasai."

Nguzo hizo nilizijua. Nilikuwepo zikitumbukizwa kwenye pipa la dawa ya mchwa kabla ya kusimikwa. Uyoga hula mti unamoota, pamoja na kilichomo. Swali hilo lilipaswa kuwa la kwanza, nami nililiweka la mwisho. Nilimwambia hivyo.

"Kumbe ungetuua na kitabu mkononi," alisema. Kisha, "Basi ninunue ule wa dawa wanaouza kwa mkebe, Rongai?"

"Huo umesagwa. Hauna juu wala chini, sina cha kukagua. Na hata ningekuwa nacho, kujua jina la uyoga si kujua kama unatibu kisukari. Asiache vidonge."

Aliukunja uyoga ndani ya karatasi yake, tukautupa chooni. Jumatatu mumewe alimeza vidonge kama kawaida, akinung'unika. Mkebe hawakuununua. Waliokoa bei yake, shilingi elfu mbili na mia nane.