Shamba Lisilofagiwa la Mkolani

Miaka ile ya soko huria wenzangu walikimbilia biashara ya samaki. Mimi, mtu wa kukaa nyumbani, nilibaki na shamba la mahindi Mkolani, nikapanda miti ya milusina katikati ya mistari. Majani yalipodondoka sikuyafagia wala kuyachoma kama majirani. Mama akaapa kumpa kaka shamba hilo.

"Hata ufagio umekushinda, mwanangu?"

Baada ya misimu mitano mama alikuja kulichukua. Akapiga jembe kwangu, kisha kwenye shamba la kaka tuliyepakana naye: udongo wangu mweusi, laini; wa kaka bado mchanga mweupe.

"Ni kaboni, mama. Majani na mizizi ikioza huiacha udongoni," nikatamba na elimu yangu ya kidato cha nne.

"Kumbe uvivu wako umesoma."

Akaniachia shamba, akambebea kaka mbegu za milusina.