Mzee Geuza: Muuguzi aliyerudi wodini na hasira zake

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, sakafu ya wodi bado mbichi kwa maji ya kudekia. Mwanamume mwenye mvi kwenye masharubu amesimama kando ya kitanda namba saba, ameshika ncha ya shuka kama mtu aliyeshika ushahidi.

Shuka imelowa. Imelowa tangu muda mrefu, maana pembeni imeshaanza kukauka na kuacha duara la njano.

"Hii si ya leo," anasema kwa sauti ya chini, meno yamebana. "Hii ni ya jana."

Wauguzi wawili wanaotoka zamu wanakusanya mikoba yao bila kuinua macho. Yeye hawaandami. Anajua walikuwa wawili kwa wagonjwa thelathini na wanane. Hasira zake zinawaruka wale, zinaelekea mbali zaidi.

Anainama. "Shikamoo, mzee wangu. Naomba nikushike kiuno, nikugeuze."

"Marahaba. Nishike tu," anajibu mgonjwa, dereva mstaafu wa malori ambaye upande wake wa kushoto umekufa ganzi. "Tangu mama watoto atangulie, hakuna mwingine anayenishika."

Mhudumu wa wodi, mama mnene asiyeisha kucheka, anashika upande wa pili wa shuka. Wanahesabu pamoja, wananyanyua, wanamlaza kwa ubavu wa kulia. Mto mmoja unakwenda mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Muuguzi anakagua visigino, nyonga, na pale mgongo unapoishia. Mahali pamoja ngozi imeiva kwa wekundu. Anabonyeza kwa kidole, anaachia, anangoja.

"Rangi imerudi," anasema hatimaye. "Tumewahi."

Kisha anaandika saa na upande kwenye kadi iliyofungwa kwa uzi miguuni pa kitanda, anatia sahihi, anahamia kitanda namba nane.

Ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Wenzake wengi waliosoma naye uuguzi wanahesabu siku za kustaafu. Yeye ana miaka miwili tu tangu arudi kazini, baada ya kukaa nje miaka kumi na saba. Wodi nzima inamwita Mzee Geuza, na jina hilo halimchukizi.

"Kinachonichukiza ni kwamba limekuwa jina," anasema. "Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili tulifundishwa mwaka wa kwanza. Umeshasikia mpishi anaitwa Mzee Osha Mikono?"

Kuacha kazi kwake kulitokana na siku moja tu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, peke yake kwenye wodi yenye wagonjwa arobaini na mmoja. Mgonjwa mmoja alianguka kutoka kitandani akavunjika nyonga wakati yeye akiwa upande wa pili anamshikilia mwingine aliyekuwa akitapika damu. Barua ilipokuja ilikuwa na neno moja zito: uzembe.

"Niliisoma nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa. Halafu nikavua sare, nikaikunja vizuri, nikaiacha mezani kwao. Sikugombana na mtu."

Alikwenda kufanya kazi kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akapima misumari, akachanganya rangi, akabeba mabomba. Maisha hayakuwa mabaya. Watoto watatu walisoma, nyumba ikaezekwa. Mtu akijikata dukani aliitwa yeye kufunga jeraha, basi. Uuguzi ukawa kama lugha ambayo hana tena wa kuongea naye.

Kisha mama yake mzazi akapata kiharusi.

Alilazwa katika wodi hii hii, upande wa wanawake, kitanda kilichopo chini ya dirisha. Kila siku mwanawe alikuja saa ya kutazama wagonjwa, akamlisha uji kwa kijiko, akamfuta mdomo, kengele ikilia akatoka. Hakumfunua. Anasema aliona aibu, mtoto wa kiume kumfunua mama yake, tena mbele za watu.

"Hapo ndipo panaponiuma. Mimi ni muuguzi. Nilijua. Nikaiacha aibu inishinde akili."

Siku ya tisa alisikia harufu. Anaijua harufu hiyo. Alivuta pazia, akaomba radhi kwa mama yake, akamgeuza mwenyewe. Pale mgongo unapoishia palikuwa na shimo la ukubwa wa kisahani cha chai, na ndani yake paling'aa kitu cheupe. Ulikuwa mfupa.

Alitoka na kelele hadi kwenye meza ya wauguzi. Mkuu wa wodi, mwanamke mrefu anayejulikana na wote kama Sista, alikuwa anajaza fomu huku ameshika simu kwa bega.

Waliokuwepo wanakumbuka alichosema Sista, na mwenyewe hakatai: "Mzee, kama unajua sana, kavae sare uje utuonyeshe."

Mama aliruhusiwa baada ya siku kumi nyingine. Nyumbani mwanawe alimuosha kidonda asubuhi na jioni, akamgeuza kwa saa, akamlaza kwenye mito ya nyumba nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu haukujengeka. Miezi mitatu baadaye sumu ya kidonda ikaingia kwenye damu.

"Mama yangu alinusurika na kiharusi. Alishaanza hata kutukana upya," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu, kidogo tu. "Kilichomuua ni godoro. Godoro na saa zilizopita bila mtu kumgusa."

Arobaini ilipokwisha, alimwambia mkewe kwamba anarudi kazini.

"Kazini wapi?" mkewe akauliza, akidhani ni dukani.

"Hospitali."

Mke anasimulia kwamba alicheka hadi akakaa chini. "Nilimwambia, baba watoto, wenzako umri huu wanatafuta fimbo ya kutembelea, wewe unatafuta sare? Akanitazama. Hakucheka. Nikajua hapo tayari, hakuna wa kumrudisha."

Shemeji hakuficha maneno. Alimwita mtu mzima ovyo, akasema hasira za msiba zitapoa. Hazikupoa. Bila shaka zingepoa kama njia ingekuwa nyepesi, lakini kila mlango aliogonga uliongeza kuni.

Leseni yake ilishakufa. Kwenye ofisi ya leseni aliambiwa faili lake halionekani. Akarudi wiki iliyofuata, akaambiwa mwenye ufunguo yuko likizo. Alikwenda mara kumi na nne kwa muda wa miezi kumi na moja, na mara ya mwisho alibeba kiti chake cha kukunja, akakifungua mlangoni, akakaa. Faili likaonekana siku hiyo hiyo, kwenye kabati alilokuwa akilitazama miezi yote.

"Kila kona kuna bango linasema wauguzi hawatoshi," anasema. "Halafu anakuja mwenye cheti, mwenye mikono, anaomba kazi, anazungushwa karibu mwaka. Nani anamdanganya nani?"

Mtihani wa kurudishiwa leseni nao ulimtoa jasho. Dawa nyingi zilikuwa zimebadilika majina, na mashine za kupima pumzi hakuwahi kuzigusa. Binti yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, alimkalisha mezani kila jioni na kumsomesha mahesabu ya vipimo vya dawa. Alikosea, akakemewa. Kisha akafanya miezi sita ya mazoezi bila malipo, akiwa na wanafunzi waliomwita babu na kumwachia kazi ya kunyanyua.

Alipopewa barua ya kuajiriwa, aliomba wodi moja tu. Waliofahamu kisa chake walimshauri aende kwingine. Akakataa.

Sista hakumtambua. Siku ya kwanza alimkaribisha, akamwonyesha stoo, akamwonyesha mito kumi na mmoja ya wodi nzima. Walipofika chini ya dirisha, mgeni akasimama.

"Hapa alilala mama yangu," akamwambia. "Uliniambia nivae sare nije nikuonyeshe. Nimekuja."

Sista alipoombwa kuzungumza kwa ajili ya makala haya, wengi walidhani atakataa. Alikaa, akavua miwani, akasema: "Andika na upande wangu. Siku zile nilikuwa na wagonjwa arobaini na wawili na wauguzi wawili, mmoja wao ni mimi. Nimeandika barua za kuomba watu mpaka kalamu zimeisha wino. Hiyo ni kweli. Na kweli nyingine ni kwamba yule mama sikumgeuza. Ziandike zote mbili, usichague."

Hawakupatana siku hiyo. Kwa wiki kadhaa waliongea mambo ya kazi tu, kwa maneno machache. Ila alipoleta kadi zake, Sista hakumzuia.

Kadi zenyewe ni vipande vya maboksi ya glavu. Kila mgonjwa asiyeweza kujigeuza ana yake. Akigeuzwa, wino wa bluu: saa, upande, sahihi. Asipogeuzwa, wino mwekundu, na sababu yake. Ndani ya mwezi mmoja wodi ilijaa wekundu, na sababu ilikuwa ile ile kila mahali: hakuna mtu.

Ndipo ikatangazwa kwamba wakaguzi wanakuja.

Asubuhi ya ukaguzi kulikuwa na mashuka mapya, dirisha lililovunjika limewekwa kioo, na katibu wa hospitali akapita wodini na tai yake. Alipoziona kadi akasimama.

"Hizi takataka zitolewe. Zinachafua wodi."

"Zitoe wewe," Mzee Geuza akajibu bila kugeuka. "Mikono yangu mimi ina mgonjwa."

Katibu alizitoa mwenyewe, kitanda hadi kitanda, akizikata uzi kwa mkasi wa bandeji. Mke wa mgonjwa mmoja alimuuliza kwa nini anaondoa kadi ya mumewe, yeye akaendelea kukata. Zikaishia ndani ya boksi, boksi likaishia nyuma ya mlango wa choo.

"Hasira zilinipanda," Mzee Geuza anakumbuka. "Nilikuwa nimeshika mguu wa mgonjwa, nikasema nisimuumize huyu kwa hasira za yule. Nikauweka mguu chini polepole. Nikaenda kunawa uso."

Aliporudi, wakaguzi walikuwa mezani wanasifia usafi. Mmoja akauliza kama wagonjwa wanapata vidonda vya kulalia. Katibu akasema hali ni nzuri, nzuri sana.

Sista alifungua droo. Akatoa daftari la taarifa za wodi, lile kubwa lenye jalada gumu ambalo kwa sheria halichanwi ukurasa. Kila jioni, bila kumwambia mtu, alikuwa akinakili kila mstari mwekundu wa kadi na kuutia sahihi yake chini. Kurasa ishirini na tatu.

"Someni hizi," akawaambia wakaguzi. "Hali nzuri imeandikwa humu."

Mzee Geuza hakujua. Anasema alibaki amesimama na taulo usoni, maji yanamtiririka shingoni.

Matokeo yake hayakuwa ya sherehe. Wote wawili walipewa barua za onyo kwa kuwaaibisha viongozi. Waliomba wauguzi sita, wakaja wawili. Yaliahidiwa magodoro ishirini ya hewa, yakafika manne. Lakini kadi zilirudi miguuni pa vitanda, safari hii zimechapwa. Katika miezi mitatu iliyopita, kati ya waliolazwa wakiwa na ngozi nzima, mmoja tu ndiye aliyepata kidonda.

"Kitanda namba kumi na tisa," anasema papo hapo. "Mama wa watu. Jumapili tulikuwa wawili, mmoja akaitwa chumba cha upasuaji. Saa tano nzima hakuguswa. Mmoja si mdogo kama ni mama yako."

Ukimpongeza, anakasirika zaidi. "Mtu mmoja ameniita shujaa hapo nje. Shujaa wa nini? Ukiona kazi ya kawaida inaitwa ushujaa, ujue kuna mwenye kiti mahali ambaye hajafanya yake."

Barua yake ya onyo ameitia kwenye bahasha moja na leseni yake. Na Sista? Hawajawahi kuizungumzia tena ile siku ya kelele. Ila sasa, zamu ikibana, Sista anavua saa yake ya mkononi na kushika upande wa pili wa shuka.

Mzee Geuza ana miaka saba kabla ya kustaafu, na amepanga pa kuielekeza. Wagonjwa wengi wanarudi nyumbani bado hawawezi kujigeuza, na jamaa zao hawajafundishwa chochote. Anaandaa orodha, sasa ina majina kumi na manne. Ameomba ruhusa ya kuwafuata majumbani siku mbili kwa wiki. Ombi lina miezi miwili mezani kwa katibu.

"Akikataa, nitakwenda kwa likizo yangu. Likizo haiombewi ruhusa ya kwenda kumsalimia mtu."

Wakati huohuo ameanza na alichonacho. Kila Jumamosi saa nne, kwenye ujia wa kuelekea kufulia, anavuta kitanda kibovu kisicho na gurudumu moja na kuwaita jamaa wa wagonjwa wanaotoka.

Jumamosi hii amekuja fundi viatu ambaye mkewe anatoka Jumatatu. Ni mtu wa miraba minne, lakini mikono ameificha mifukoni.

"Mwalimu, naogopa kumvunja," anasema.

Mzee Geuza anavua viatu, anapanda kitandani na sare yake, analala chali, anaulegeza mwili wote mpaka kichwa kinadondoka upande.

"Mimi ndiye mkeo. Nimelala hivi tangu asubuhi na siwezi kusema. Nigeuze."

Fundi viatu anatoa mikono mifukoni. Anashika bega, anashika nyonga, anavuta kwa nguvu. Kitanda kinalia. Jamaa wengine wanacheka.

"Umenivuta," anasema Mzee Geuza, macho bado yamefumbwa. "Ukimvuta, ngozi inabaki kwenye shuka. Nyanyua kwanza, ndiyo ugeuze. Haya, rudia."