Esteria na mkutano ulioangukia siku za giza

Saa moja kasoro asubuhi, na jua la Ikola bado liko nyuma ya milima. Ufukweni, Esteria Kasimiri ameshainama zamani. Anamwaga dagaa mchangani, anawatawanya kwa viganja, huku akigombana na kunguru aliyesogea karibu mno.

"We kunguru, na mimi nina watoto!" anafoka, kisha anacheka mwenyewe.

Mama huyu wa miaka arobaini na tisa ameanika dagaa tangu akiwa binti mdogo. Mwepesi wa kicheko, mwepesi zaidi wa ulimi, ndiye mwenyekiti wa kikundi cha waanika dagaa wa kijiji hiki cha kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi. Wenzake humwita Mama Zablon, na ukisikia wanavyomtania utajua wanampenda.

Kazi yenyewe huenda na mwezi. Wavuvi huvua usiku kwa taa, na dagaa huifuata taa vizuri pale tu kunapokuwa na giza. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi hupumzika na kina mama nao hupumzika. Harusi, vikao, hata ugomvi wa majirani, vyote husubiri mbalamwezi.

"Mtu akija kuposa siku za giza, tunajua huyo si wa hapa," anasema Esteria.

Kitu kisichosubiri chochote siku hizi ni mvua. Zamani, Juni hadi Septemba, mwanamke alianika akaenda zake kupika bila kutazama juu. Sasa mvua hushuka inapojisikia, na ziwa nalo limepanda likala sehemu kubwa ya mchanga. Dagaa wakilowa kabla ya kukauka huvunda, na mnunuzi wao anabaki kuwa mfuga kuku, kwa bei ya kutupa.

Ndiyo maana mwaka huu simu ilipoita, Esteria nusura aruke. Shirika moja lilikuwa likikusanya sauti za wanavijiji zipelekwe kwenye mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi. Wakamwachia yeye achague siku ya wao kuja kijijini.

"Nilikuwa sokoni Mpanda na magunia yangu. Kusikia dunia inataka kutusikia sisi, nikasema Jumanne! Mwezi sikuufikiria hata kidogo. Mimi, mtoto wa ziwa!" anasema akijipiga paji la uso.

Jumanne hiyo ya Agosti iliangukia katikati ya giza. Mitumbwi ilirudi imejaa, na kina mama hawakuwa na nafasi hata ya kugeuka. Wageni wa shirika walipanga viti katika darasa la shule ya kijiji wakangoja. Mbali na mwenyekiti mwenyewe, akaja mwanamke mmoja tu: Joséline, mama wa Didace na wenzake watatu, mzaliwa wa Mishamo, makazi ya wakimbizi walikofikia wazazi wake kutoka Burundi. Aliwaacha dagaa wake mchangani kwa sababu Mama Zablon alikuwa amemwomba, na mbingu ilikuwa nyeupe.

Saa tano ikanyesha.

"Tulisikia bati linagonga," anakumbuka Joséline. "Nikatoka mbio. Nilikuta mchanga na dagaa vimekuwa uji." Karibu shilingi laki tatu, mtaji wake wote, zilikwenda na maji. Wageni wakaondoka wakisema watajaribu kijiji kingine.

Siku hiyo Esteria hakula. Jioni alikwenda kwa Joséline, akakaa kizingitini.

"Nilimwambia, Mama Didace, nimekuponza. Akaendelea kuosha beseni lake. Jamani, bora angenitukana," anasema, na kicheko chote kimemtoka.

Joséline naye hafichi. "Nilimkasirikia wiki nzima, tena kwelikweli. Halafu nikajiuliza, mvua ya Agosti kaileta Mama Zablon? Nikamfuata nikamwambia, hao wageni uwarudishe, waje wasikie."

Kina mama wakachanga, kila mmoja beseni la dagaa wabichi, Joséline akaanza upya. Esteria akapiga simu. "Njooni mbalamwezi," aliwaambia wageni. "Mkikosa watu, nipigeni picha mimi peke yangu muende nayo."

Walikuja. Mara hii darasa halikutosha, wengine wakasimama madirishani, wakizungumza kwa zamu na mara nyingine wote kwa pamoja. Hawakuomba makubwa: vichanja vya kuanikia vyenye paa, na taarifa ya mvua inayofika kwenye simu ya kitochi kabla mvua yenyewe haijafika.

Wageni wakataka msemaji mmoja, atakayezungumza na mkutano wa dunia kwa video akiwa Mpanda. Macho yote yakamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akamshika mkono Joséline, akamsimamisha.

"Nyie, mimi mvua ile niliisikia kwenye bati," alisema. "Huyu ilimmaliza."

Joséline akakataa katakata. Kiswahili chake kina Kirundi ndani, watu watamcheka.

"Dunia yenyewe Kiswahili haikijui," Esteria akamjibu. "Atakucheka nani?"

Watu wakaangua kicheko, Joséline akakubali. Tangu hapo anafanya mazoezi kila anapogeuza dagaa, na Esteria humkatiza kila akiinamisha kichwa: "Inua uso, Mama Didace! Huombi chumvi."

Imebaki shida moja. Mkutano ni mwezi ujao, Novemba, mvua za msimu zikiwa zimeanza, na tarehe wamepanga wakubwa. Esteria amehesabu: ni siku za giza. Joséline atashinda Mpanda, na dagaa wake watakuwa mchangani.

Wanakikundi wamealikwa kwenda kumtazama mwenzao akizungumza. Esteria, ambaye ndoto hii ilianza na simu yake, amesema haendi.

"Nitabaki huku nageuza dagaa zake," anasema, akipangusa viganja kwenye kanga. "Safari hii mvua ikija, inikute mimi."